Mwongozo wa Programu Iliyozimwa

Kila ninapoingia saiba, popote ninapokuwa nimefika, kabla ya kufanya kilichonipeleka huandika anwani moja. Vidole vinaijua. Ukurasa hufunguka upesi, hata kwenye kompyuta kuukuu yenye kibodi iliyofutika herufi. Kushoto kuna majina ya sura, katikati kichwa kikubwa, chini yake maneno yangu. Ni mwongozo wa programu ya kupimia majani chai. Umeandikwa vizuri, na nasema hivyo bila haya kwa sababu nusu ya uzuri wake ni ya mtu mwingine. Hakuna anayeusoma. Programu yenyewe haifanyi kazi mahali popote duniani.

Niliacha shule kidato cha kwanza. Watu wakiniuliza sababu hutegemea kusikia habari ya kusikitisha, na mimi sina. Siku moja barabara ya karibu na shule ilikuwa ikiwekwa lami, nikatoka kwenda kutazama jinsi ile mashine kubwa inavyomwaga na kulainisha kwa mpigo mmoja, na sikurudi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama. Nimepakia ndizi Kiogoro, nimechanganya saruji, nimekaa Keumbu kwenye kibanda cha mtu nikibadilisha vioo vya simu. Kila kazi niliifanya mpaka nilipoielewa, kisha miguu ikaanza kuwasha.

Sironga nilipelekwa na nguzo za stima. Tulikuwa kundi la kuchimba mashimo, na shimo langu la tatu lilikuwa karibu na kituo cha kununulia majani. Wakati wa chai nilikaa juu ya rundo la udongo nikitazama akina mama wakipanga foleni na vikapu vyao. Karani alitundika gunia kwenye ndoano ya mizani, akabonyeza simu yake, na gunia halijashuka simu ya mama aliyelileta ikalia kifuani. Mama akaitoa, akaisogeza mbali na macho ili asome vizuri, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda zake. Aliyefuata, hivyo hivyo. Nilikuwa nimepita kwenye vituo vingi na sikuwahi kuona mkulima akipata uzito wake mkononi kabla karani hata hajautamka.

Nilimfuata karani.

"Hii imetoka wapi?"

"Simu? Nilinunua Kisii."

"Hii iliyo ndani ya simu."

"Ah, hiyo. Ni ya msichana wa hapo juu, kwenye paa la kijani. Nenda umuulize. Lakini jifute matope kwanza, mamake hapendi matope."

Nilijifuta kwa majani ya ndizi, nikapanda.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda mkubwa kidogo, aliyewahi kuandika programu katika ofisi moja Nairobi mpaka ofisi ikapunguza watu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na sanduku moja na kompyuta. Mwaka wa kwanza alichuma majani na mamake, na kila jioni alimsikia akilalamika kwamba aliambiwa kilo fulani na kadi ikaandikwa nyingine. Mwaka wa pili akaandika programu. Aliipa chama kidogo cha wakulima cha pale Sironga bila kudai chochote. Hayo aliniambia siku ile ile, akiwa amesimama mlangoni na ungo wa maharagwe, mpaka msimamizi wetu akaanza kuniita kwa matusi kutoka chini. Kesho yake nilirudi na maswali mengine. Kundi la nguzo liliposonga mbele kwenda Nyamira, mimi nilirudi Keumbu kwenye kibanda cha simu, ili niwe karibu.

Nilimwita dada. Yeye aliniita "mtu wa Keumbu", hata mbele yangu. Mamake, ambaye mimi na wengine tulimwita omong'ina kwa heshima ya umri wake, alikuwa na salamu moja kwangu: "Wiki hii unakaa wapi, mwanangu?"

"Bado Keumbu, mama."

"Heh. Umezeeka."

Shida ya programu ilikuwa kwamba iliishi kichwani mwa mtu mmoja. Siku alipolala na malaria, simu ya karani ilikataa kufungua, na kituo kizima kikarudi kwenye kalamu na kelele. Kamati ya chama ikaogopa. Wakati huohuo kampuni kutoka Nairobi ilikuwa imeanza kuwatembelea na mizani zake mpya na vitabu vya rangi, pamoja na namba ya kupiga mambo yakiharibika. Katibu wa chama, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu bado alimwita Mwalimu, alikuja nyumbani kwao siku moja nikiwepo, akakataa kiti, akaongea akiwa amesimama na kofia mkononi.

"Mimi nakuamini, binti yangu. Kamati ndiyo haiwezi kumtegemea mtu mmoja. Ukiolewa Mombasa je?"

"Nani amesema naolewa?"

"Ni mfano tu."

"Basi tafuta mfano mwingine, Mwalimu."

Omong'ina alicheka jikoni. Mwalimu hakucheka. Alisema tuandike kitu ambacho mtu mwingine yeyote anaweza kukisoma na kuiendesha programu bila kumwita yeye. Kikae kwenye mtandao, kisikae kwenye kompyuta yake. Mtaalamu mmoja waliyemfahamu angekuja kukikagua. Akisema kinatosha, programu ibaki. Akisema hakitoshi, chama kichukue mizani ya kampuni, na kazi yake ya miaka izimwe.

Mwalimu alipoondoka, dada alikaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Programu ninayo," akasema. "Maelezo sina. Nikianza kueleza naruka mambo, kwa sababu kwangu yote yako wazi."

"Kwangu hakuna kilicho wazi."

Akanigeukia. "Basi wewe uliza, mimi nijibu, na wewe uandike."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonishika kuliko zote. Niliuliza simu ya karani inajuaje mkulima ni nani. Niliuliza mtandao ukipotea katikati ya foleni uzito unakwenda wapi, na ukirudi nani anakumbuka. Niliuliza mpaka akaniambia naudhi kama nzi. Kila jibu niliandika kwa maneno ambayo mimi mwenyewe ningeyaelewa kama ningekuwa mgeni wa siku ya kwanza, na kila swali likawa kichwa cha sura. Nilijifunza kwamba maandishi ya kawaida tu yanatosha: unaweka alama ya reli, hii #, mwanzo wa mstari, mstari unakuwa kichwa, unaweka kistari, unapata orodha. Halafu kuna programu nyingine inayoyachukua maandishi hayo yote na kuyageuza kurasa za tovuti.

Nilimuuliza kwa nini tusitengeneze tovuti kama zile nyingine, zenye kuingia kwa nywila na mambo mengi.

"Kuna tovuti zinazoanza kupika mgeni akishabisha hodi," akasema. "Jiko likizima, mgeni analala njaa. Na kuna hizi zinazopika mapema. Kila kitu kimeshaiva, kimefunikwa mezani. Mgeni akija anapakuliwa tu. Zinaitwa tovuti tuli. Hazichoki, hazina gharama, na hakuna wa kuziamsha usiku."

"Kama kwenu Ijumaa."

Alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Walikuwa Wasabato wa dhati. Ijumaa nyumba ile ilipika chakula cha siku mbili, nguo zikapigwa pasi, viatu vikang'arishwa, maji ya kuoga yakachemshwa, kuni zikaingizwa ndani. Jua likigusa mlima, kila mkono uliacha kilichokuwa mkononi. Mimi kwetu tulikuwa Wakatoliki, na tangu nianze kutangatanga sikuwa chochote, lakini nilipenda kukaa pale Ijumaa alasiri nikitazama haraka ile na jinsi inavyokatika ghafla.

Aliweka sharti moja, alilotoka nalo Nairobi. Hakuna mtu anayechapisha kazi yake mwenyewe. Nikiandika au kurekebisha, natuma, yeye anasoma, akikubali ndipo mashine ya mbali inazipika kurasa na kuziweka mtandaoni. Na yeye akibadilisha kitu, mimi ndiye wa kukubali.

"Mimi? Wa kidato cha kwanza nikubali kazi yako?"

"Kama wewe hukuielewa, nani ataielewa?"

Sijui kama aliwahi kufahamu maneno hayo yalinifanya nini. Nilitembea mpaka barabarani bila kuona njia. Tangu siku hiyo sikukubali hata koma yake bila kusoma mara mbili, na alikuwa akiudhika, na nilijua anafurahi.

Tuliujaribu mwongozo. Karani wa kituo cha pili, ambaye hakuwahi kuiona programu, alikaa na simu tupu na mwongozo wetu, sisi tukakaa nje chini ya ukingo wa bati tumekatazwa kusema. Alikwama mahali pamoja. Tuliongeza sentensi mbili. Mara ya pili hakukwama, na gunia lake la kwanza lilipolia kwenye simu ya mtu, alitoka nje mbio akipiga makofi kama aliyefunga bao. Nadhani siku ile ndiyo pekee niliyoamini kabisa.

Mtaalamu alikuwa mtu wa kazi, na siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumamosi. Mwalimu, ambaye alikuwa Mkatoliki, alituletea habari hiyo akikuna kichwa.

"Ninyi Wasabato mtanisamehe. Nitakuwa mimi na mweka hazina tu. Kamati itasikia Jumapili. Hamtakiwi kuwepo. Inatakiwa hiyo tovuti iwepo."

"Itakuwepo," dada akasema. Hata alifurahi. Ndiyo ilikuwa maana ya tovuti tuli: ingemngoja mgeni mezani naye akiwa kanisani.

Mpaka Ijumaa ile kurasa zetu zilikuwa kwenye akaunti yake, kwa jina lake. Zilikuwa kamili. Ningeapa. Lakini mchana, tukinywa uji, alisema haifai.

"Mtaalamu akifungua ataona jina langu juu. Halafu itasemwa nimejijengea jina kwa majani ya watu."

Yalishasemwa. Nilikuwa nimeyasikia kituoni kwa masikio yangu, kutoka kwa mama ambaye simu yake ililia kila asubuhi kwa kazi ya dada. Katika vilima vile mtu akifanya jambo bila malipo, watu hutafuta malipo yalipofichwa. Kwa hiyo akaamua kuihamishia tovuti kwenye akaunti ya chama, iwe na jina la wakulima, yeye asionekane popote. Sikuona ubaya. Nilimwona mkubwa kwa hilo, na mpaka leo namwona hivyo.

Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Betri ya kompyuta ilikuwa ikishuka na mtandao ulipatikana vizuri sehemu moja tu, kwenye ua, karibu na mti wa parachichi. Tulisimama pale, kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma yetu nyumba ikiwa katika shughuli zake za Ijumaa. Pasi ya makaa ilitoa harufu. Mboga ya chinsaga ilikuwa jikoni ikichemka kwa maziwa.

"Ninyi wawili, jua linashuka!" omong'ina aliita.

"Tunamaliza, mama!"

"Jua halimngojei mtu wa Keumbu!"

Dada alituma mabadiliko. Niliyasoma kwenye simu yangu, nikakubali. Tukangoja mashine ya mbali, yeye akitazama mlima na mimi nikitazama kioo. Alama ya kijani ikatokea, ile inayomaanisha kurasa zimeiva na zimewekwa. Betri ilikuwa karibu kuisha na ndani wameanza wimbo wa kuifungua Sabato. Alifunga kompyuta, akanishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshikana wakitoka kanisani.

"Asante, ndugu yangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza hakuniita mtu wa Keumbu.

Nilifungua tovuti nikiwa njiani, kwenye daraja la kijito. Nilitaka kuiona ikiwa na jina la chama. Ukurasa ulikuja mweupe mtupu, maneno meusi yamebanana kushoto kama ya barua isiyopigwa mstari, rangi hakuna, sura hakuna. Viungo vilikuwepo, vya bluu. Nilibonyeza cha kwanza. *Ukurasa huu haupatikani.* Cha pili vilevile. Nilivibonyeza vyote, nikiwa nimesimama pale, pikipiki zikinipigia honi.

Niligeuka kutazama paa la kijani. Jua lilikuwa limezama, na wimbo ulifika mpaka pale barabarani.

Kosa nililipata nilipofika chumbani kwangu, kabla ya kuwasha jiko. Katika akaunti ya dada kurasa zilikaa mlangoni kabisa pa anwani. Katika akaunti ya chama zilikaa chumba cha ndani, baada ya jina la chama kuna neno jingine na mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, na kila kiungo kilikuwa bado kinabisha mlango wa nje. Kuna mstari mmoja katika faili ya mipangilio unaoiambia tovuti inaishi wapi. Kwenye kompyuta yake, tulipokuwa tukiijaribu, haikuhitaji kujua. Niliuandika ule mstari kwenye simu, nikautuma. Kioo kikaniandikia kwamba badiliko langu linasubiri kukubaliwa. Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa kila Ijumaa jua likitua.

Asubuhi nilikwenda Sironga. Nyumba ilikuwa imefungwa, nikashuka kanisani, nikangoja kati ya shule ya Sabato na ibada kuu mpaka watu walipotoka nje kunyoosha miguu. Alinijia akiwa na gauni la samawati na Biblia chini ya kwapa.

"Umekuja kuokoka na viatu hivyo?"

"Tovuti imevunjika, dada."

Nilimwonyesha simu. Hakuishika. Alitazama kutoka alipokuwa, mikono ikiwa imekumbatia Biblia.

"Ni anwani," akasema. "Tumeihamisha, na hatukuiambia imehama."

"Ndiyo. Mstari mmoja. Nimeshautuma. Umebaki wewe kukubali."

"Simu yangu iko kwenye droo."

"Tumia yangu. Ingia, bonyeza, toka. Mtaalamu anafika saa nane."

Mzee mmoja wa kanisa alipita akaniambia kuna nafasi mbele, karibu, hapa hatuumi. Nilimshukuru. Alipokwisha kupita nilisema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wenu akianguka shimoni leo, mtamwacha?"

"Ng'ombe anaumia. Hii haiumii."

"Wewe unaumia."

"Mimi ni jambo lingine."

"Basi mashine ndiyo itakayofanya kazi. Wewe hutafanya chochote."

"Mashine ni yangu." Sauti yake haikuwa na hasira. "Nimeshika siku hii tangu nizaliwe. Nairobi nilikosa kazi mbili kwa ajili yake, kabla ya hiyo iliyonipunguza. Sitaivunja leo kwa sababu ya kiungo."

"Niondolee sharti basi. Nijikubalie mwenyewe."

"Kuliondoa pia ni kazi."

Alikuwa karibu kulia na hakulia. Watu walianza kurudi ndani. Aliniambia niende kwa Mwalimu, niseme ukweli, kwamba jioni itakuwa imekaa sawa. Kisha akaingia, na nilimwona akikaa karibu na mamake na kufungua Biblia mahali walipokuwa wameachia.

Nilikwenda. Mtaalamu alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, nikashindwa. Mwalimu alifungua tovuti kwenye kompyuta ya ofisi, ukurasa mweupe ukaja, mweka hazina akabonyeza kiungo, kisha kingine, akaniangalia. Nilieleza. Nilisema mstari mmoja. Nilimwonyesha badiliko langu likiwa limekaa pale linasubiri. Nilimfungulia hata yale maandishi ghafi, na yule kijana akayasoma, akasoma kweli, akishuka polepole.

"Umeandika wewe?"

"Mimi na yeye."

"Ni mazuri. Nimeona kampuni kubwa zikiwa na mabaya zaidi. Na kosa hili hata mimi limenipata." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mstari wako uko sahihi. Nani anaweza kuukubali sasa hivi?"

"Yeye tu."

"Yuko wapi?"

"Kanisani."

Hakucheka. Alimgeukia Mwalimu. "Mliniuliza swali moja, mzee wangu. Kama kitu hiki kinaweza kuendelea bila mtu mmoja. Leo mtu mmoja hayupo."

Nilitafuta jibu. Bado nalitafuta ninapotembea. Sharti lile tuliliweka ili kazi isiwe ya mtu mmoja, nasi tulikuwa wawili tu.

Jioni nilikaa na familia wakati wa kuifunga Sabato. Omong'ina alinipakulia chakula cha Ijumaa. Wimbo ulipokwisha, dada alifungua droo, akawasha simu, akakubali. Alama ya kijani ikaja. Tovuti ikasimama na rangi zake zote, jina la chama juu, kila kiungo kikifunguka. Alizipitia kurasa zote, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka.

"Iko sawa," akasema. Kisha, "Alisemaje?"

Nilimwambia. Aliniomba nirudie, nikarudia neno kwa neno.

"Amesema kweli," akasema, na kuiweka simu mezani ikiwa imegeuzwa uso chini.

Kamati ilikaa Jumapili. Wengi wao walikuwa Wasabato wenzake na habari zilikuwa zimewafikia. Mwalimu alituambia baadaye, kofia mkononi. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu. Walisema binti yule amelelewa, kwamba vijana wa siku hizi wangebonyeza bila kufikiri, kwamba wanajivunia. Walifunga kwa sala. Kisha wakainua mikono wakachagua kampuni.

"Hata mmoja hakukataa?" nikauliza.

"Hata mmoja," Mwalimu akasema. "Mimi pia niliinua. Ningesemaje?"

Mizani mpya ilikuja na kijana wa kuifunga. Uzito sasa unakwenda ofisini, na mkulima anauona mwisho wa mwezi kwenye karatasi. Nilikuwa kituoni asubuhi ya kwanza, sijui kwa nini, labda kwa ule ugonjwa wangu wa kutaka kuona. Omong'ina alileta majani yake. Gunia lilipanda, namba nyekundu zikawaka upande wa karani. Omong'ina akatoa simu kifuani, akaisogeza mbali na macho, akangoja.

"Mama, haitalia," karani akasema taratibu.

"Najua," akasema, akairudisha. Niliambiwa siku iliyofuata aliitoa tena, na iliyofuata.

Sikukaa. Miguu ilianza kuwasha, nikaondoka Keumbu bila kuaga vizuri. Nimesikia dada anachuma na mamake, na kwamba hajafungua kompyuta kwa muda. Kazi nyingine Nairobi hajapata, na sidhani anaitafuta.

Ujumbe wake ulinipata katika mji wa Kisii, nikiwa nasaidia kupaka rangi kwenye jengo la maduka. Ulikuwa mfupi. Aliniomba niandike ukurasa wa mwisho wa mwongozo, utakaowekwa mbele ya kurasa nyingine zote, kueleza kwamba programu haitumiki tena mahali popote, mtu asije akaupata mtandaoni akapoteza wakati wake. Angeweza kuuandika mwenyewe kwa dakika moja. Lakini hapo mimi ndiye ningetakiwa kukubali, na nadhani alijua nisingekubali.

Niliingia saiba na mikono yenye rangi. Niliandika sentensi tatu. Ya kwanza ilisema programu ilifanya nini. Ya pili ilisema imezimwa. Ya tatu nilitaka iseme kwa nini, nikaifuta mara nyingi, na mwishowe ikasema tu kwamba maelezo yanayofuata bado ni sahihi. Nikatuma. Ilikuwa Jumanne, jua kali, watu wakipita nje na miwa. Nilikaa nikitumaini kwamba angeuliza jambo, arekebishe neno, aseme ngoja kwanza, tuongee.

Sikuwa nimeondoa mkono kwenye kipanya alipokubali. Alama ya kijani ikatokea. Nilifungua tovuti, na ukurasa ule ulikuwa wa kwanza kabisa, na viungo vyote chini yake vilifanya kazi.